Anayekana Wizi Hadai Fidia

*Hotuba hii ilisemwa mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama mjini Mwanhuzi, Wilaya ya Meatu. Tunaichapa kama ilivyosemwa.*



Twawashukuru kwa kuziacha kazi zenu na kuja kukaa juani kutusikiliza. Leo hatukuja kuomba kura, wala kuuza kadi. Tumekuja kulipa deni.

Deni lenyewe ni hili. Siku chache zilizopita tulikuwa katika tawi moja la wilaya hii. Tulikwenda na karatasi, tukitaka wanachama waandike majina yao: nani atatenga sehemu ya malisho yake iwe ngitili, na nani atasaidia kupima mvua pale shuleni. Tulianza kwa kueleza habari za joto la dunia, jinsi tulivyofundishwa chuoni. Hatujafika mbali, mzee mmoja akasimama na fimbo yake. Akasema: "Mwanangu, subiri kidogo. Zamani redio ilituambia theluji ya Kilimanjaro itakwisha kabla ya mwaka 2020. Mjukuu wangu yuko Moshi, anabeba mizigo ya watalii. Nimemwuliza kwa simu. Anasema Kibo bado ina weupe juu. Sasa nani mwongo, mlima au redio?"

Watu wakacheka, nasi tukaona haya. Badala ya kumjibu mzee wetu, tukatoa jeuri ya chuo. Tukasema, "Mzee, mambo hayo ni ya kitaalamu." Yule mzee akaketi, hakusema neno tena. Mwisho wa mkutano tulipotoa karatasi yetu, hakuna aliyenyanyua mkono. Tuliondoka na karatasi nyeupe kama tulivyokuja nayo.

Njiani tulijiuliza: nani alikosa? Tukaona tuliokosa ni sisi. Mtu aliyeuliza swali la haki alijibiwa kwa dharau. Hiyo ni tabia ya Bwana Shauri wa zamani, si tabia ya Chama. Kwa hiyo leo tunataka kulijibu swali lile mbele ya watu wote, maana tumegundua kuwa haliulizwi na mzee yule peke yake. Linaulizwa mnadani, linaulizwa kwenye vilabu vya pombe, linaulizwa na walimu wenzetu pia. Wengi wanasema: habari hizi za joto la dunia ni hila za Wazungu na magazeti yao.

KUULIZA NI URITHI WETU

Kwanza tuseme wazi: kuwatilia shaka wataalamu wanaotoka mbali si ujinga. Katika nchi hii ya Usukuma ni urithi wetu.

Wazee walio hapa wanajua, na vijana wasiojua wasikilize. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Mwingereza ilianzisha mpango mkubwa iliouita wa maendeleo ya Usukuma. Wataalamu wake walisema ardhi inakufa, na sababu ni ninyi, ng'ombe wenu ni wengi mno. Zikashuka amri juu ya amri: lima kwa matuta ya namna hii, punguza ng'ombe wako kila mwaka. Asiyetii alipigwa faini au alifungwa. Mkulima alipouliza kwa nini, aliambiwa mambo hayo ni ya kitaalamu. Tazameni basi, ndugu zangu, yale tuliyomjibu mzee wetu juzi yalitoka katika kinywa cha nani! Na TANU, iliyokuwa ikiwasemea watu, ilizuiwa isifanye kazi katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Watu hawakunyamaza. Waliuliza, wakakataa, na kukataa kule kukawa sehemu ya safari yetu ya Uhuru.

Lakini tusiishie hapo, maana hadithi ina upande wa pili. Je, ardhi haikuwa inachoka? Ilikuwa inachoka. Serikali ile ile ya kikoloni ilikuwa imefyeka misitu mingi ya Shinyanga ili kuua mbung'o, kisha pamba ikaja kuchukua nafasi. Miaka ya 1980 watu walikuwa wakiisema Shinyanga kama jangwa linalokuja, nayo Meatu wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kabla Mkoa wetu wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Mwaka 1986 ukaja mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule wa HASHI. Mpango huo haukuja na kiboko. Uliwauliza wazee: zamani mlihifadhije malisho ya kiangazi? Wazee wakajibu: kwa ngitili. Ngitili zikarudi, familia kwa familia, kijiji kwa kijiji, hadi zikafika mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 kazi ile ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba mkoloni alisema mambo mawili. La kwanza, ardhi inachoka: hilo lilikuwa kweli. La pili, mwenye kosa ni Msukuma na ng'ombe wake, na dawa yake ni faini: hilo lilikuwa uongo. Wazee wetu walikuwa na haki ya kulikataa la pili. Lakini ukweli ukitiwa katika mfuko wa mwongo haugeuki kuwa uongo. Kazi ya mtu huru ni kuufungua mfuko na kuchambua, kama tunavyochambua pamba, safi huku na chafu kule.

KISA CHA KIBO

Sasa tuje kwenye swali la mzee. Nani mwongo, mlima au redio?

Kisa cha Kibo ni cha zamani. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani aitwaye Rebmann aliuona mlima ule na kuandika Ulaya kwamba juu yake kuna theluji. Huko London alikuwako bwana mmoja msomi wa ramani, jina lake Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii. Akasema haiwezekani, theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Akashikilia neno lake miaka mingi. Wachaga walikuwa wakiitazama theluji hiyo kila asubuhi, lakini hakuna aliyewauliza. Basi mjue kwamba shaka nalo laweza kuwa upumbavu, kama mwenye shaka amekaa mbali na hataki kutazama.

Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Lonnie Thompson, na wenzake walichapisha kazi yao. Walikuwa wamepanda Kibo, wakachimba barafu na kuipima. Waliandika kwamba kama hali itaendelea vile vile, barafu ya mlima ule itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Sikilizeni vizuri maneno yale: kama hali itaendelea vile vile. Magazeti ya dunia yaliyachukua. Lakini "kama" ikaanguka njiani, kama mzigo unavyoanguka kutoka juu ya basi, ikabaki "itakwisha". Mwaka 2006 picha ya Kibo ikaingia katika sinema ya Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, na ulimwengu wote ukaambiwa kwamba mlima wetu ndio ushahidi.

Wataalamu wengine hawakukubali. Mwaka 2004 Georg Kaser wa Austria na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kibo ilianza kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na sababu kubwa waliyoiona ni ukame: hewa ya mlimani ilikauka, theluji mpya ikawa haba, na jua likaila barafu ya zamani. Mwaka 2007 kesi juu ya sinema ile ilifika mahakamani London, baada ya mzazi mmoja kupinga isionyeshwe shuleni. Jaji akasema haijathibitika kwamba kupungua kwa theluji ya Kilimanjaro kumeletwa hasa na kazi za binadamu. Watu wanaopinga habari za joto la dunia walishangilia sana. Hawakupenda kusema kwamba jaji yule yule alisema pia kuwa maelezo ya sinema, kwa ujumla wake, yalikuwa sahihi. Wala hawakusema kwamba Kaser mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wa taarifa ya mwaka 2007 ya Jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza jambo hili, taarifa iliyosema dunia inapata joto bila shaka. Mtu mmoja, mdomo mmoja: dunia inapata joto, ila Kibo ina sababu zake nyingine pia. Magazeti hayapendi maneno ya namna hiyo kwa sababu ni marefu.

Na mlima wenyewe unasemaje? Mlima hausomi magazeti. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa ikawa kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 ilikuwa haifiki 2. Kwa hiyo mjukuu wa mzee amesema kweli: weupe ungalipo. Thompson naye amesema kweli kwamba barafu inakwisha. Iliyokosewa ni tarehe, na walioifanya tarehe ile kuwa unabii ni wenye kuuza magazeti. Mwaka 2022 UNESCO nayo imesema barafu hiyo itakuwa imekwisha ifikapo 2050. Tuipokee habari hiyo kama makadirio ya daktari, tusiipokee kama saa ya treni. Daktari akikwambia mgonjwa wako hatavuka mwezi, naye akavuka mwezi na nusu, huwezi kusema hakuwa mgonjwa.

Hili ndilo jibu tulilopaswa kumpa mzee wetu siku ile.

SHAKA LA KUNUNULIWA

Ndugu zangu, kuna shaka la namna mbili. Kuna shaka la mkulima anayeuliza kwa sababu shamba ni lake. Na kuna shaka la dukani, lililotengenezwa na matajiri, likafungwa vizuri, likauzwa kwa watu wasiojua lilikotoka.

Jambo hili la hewa ya ukaa kushika joto halikuzuliwa jana. Mwaka 1859 mtaalamu aitwaye Tyndall alilipima kwa vyombo vyake mjini London. Mwaka huo Wajerumani walikuwa bado hawajafika kuitawala nchi hii! Mwaka 1896 Arrhenius wa Sweden alihesabu kwamba ukaa ukizidi hewani, dunia itapata joto. Ni kama blanketi: ukiongeza la pili, joto la mwili wako halitoki. Kabla ya viwanda, hewa hiyo ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni. Leo imepita 420.

Sasa nani alianza kusema ni uongo? Si Mwafrika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, Exxon, waliihesabia kampuni yao jinsi dunia itakavyopata joto. Mwaka 2023 jarida la kitaalamu liitwalo Science lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba hesabu zile za siri zilikuwa sahihi mno. Lakini mbele ya watu kampuni ile kwa miaka mingi ilisema mambo hayajulikani, tungoje. Mwaka 1998 ukavuja mpango ulioandikwa katika chama cha wenye makampuni ya mafuta ya Marekani, wenye shabaha ya kuwafanya wananchi wa kawaida waone kwamba jambo hili halina hakika. Yaani walijua, wakalipa watu waseme hawajui.

Basi mwananchi wa Mwanhuzi anaposimama mnadani na kusema "Ni uongo wa Wazungu", anadhani anampinga beberu. Kumbe anayarudia maneno ya beberu, tena bure, bila hata kulipwa! Hiyo ndiyo kasumba mbaya kuliko zote, kasumba iliyovaa nguo za uzalendo.

Wala si kweli kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2023 Mtanzania, Dk. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa Jopo lile la Umoja wa Mataifa. Tukisema wote ni waongo, tunamweka na huyo ndugu yetu katika kapu hilo.

NA HOFU NAYO HUUZWA

Lakini tusije tukaonekana tunawatetea wenye magazeti. Hofu nayo ni bidhaa, na sisi Waafrika ndio picha ya kuiuzia. Mtoto aliyekonda, ng'ombe aliyekufa, ardhi iliyopasuka: hizo ndizo habari zetu katika magazeti ya nje. Hakuna anayeandika juu ya ngitili. Hakuna anayeandika juu ya mama wa Meatu anayekata viazi vyake na kuvianika michembe ili watoto wavuke kiangazi.

Kuna na unafiki. Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulilaumu bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilomita 1,443, bomba linalopita hapa kwa jirani zetu wa Shinyanga. Walitaja haki za watu na mazingira. Mambo ya haki za watu waliotolewa mashambani mwao ni ya kweli kuulizwa, na sisi wenyewe tunapaswa kuyauliza kabla ya mtu wa Ulaya. Lakini mwaka huo huo, gesi ya Urusi ilipopungua, Ujerumani ilipitisha sheria ya kurudisha kazini mitambo ya umeme ya makaa ya mawe. Makaa yao yaliitwa dharura, na mafuta yetu yakaitwa dhambi. Nani hataona uchungu?

Na hapa nyumbani nako kuna wauzaji wa hofu. Daraja likijengwa kwa mchanga mwingi na saruji haba, likachukuliwa na maji, mwenye dhamana husema ni mabadiliko ya tabianchi. Dawa za pamba zikichelewa, tabianchi. Bwawa likijaa tope kwa kutosafishwa, tabianchi. Tusikubali, ndugu wanachama. Tabianchi isiwe shuka la kufunikia wazembe. Zamani mtemi ambaye mvua ilimkatalia aliulizwa na watu wake, naye hakuwa na uwezo juu ya mawingu. Leo tushindwe kumwuliza mtu ambaye uwezo juu ya saruji anao?

KIINI CHA MANENO YETU

Sasa tumefika penye kiini, na tunaomba kila mtu afungue masikio.

Uchungu wetu juu ya unafiki wa Ulaya ni wa haki. Lakini uchungu huo una mguu mmoja tu wa kusimamia, nao ni kwamba jambo lenyewe ni kweli. Afrika nzima, yenye zaidi ya mtu mmoja katika kila watu sita wa dunia, hutoa kama sehemu 4 katika kila 100 za hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Mtanzania mmoja kwa mwaka hafikishi nusu tani. Mmarekani mmoja hupita tani 13. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa, kiasi cha nyuzi moja na nusu juu ya ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900. Joto lile hatukuliwasha sisi. Lakini ng'ombe wanaokufa ni wetu.

Hayo ni madai. Ni madai mazito kuliko yote tuliyo nayo mbele ya mataifa tajiri leo. Mwaka 2009, katika mkutano wa Copenhagen, waliahidi Dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 kwa nchi maskini. Kwa hesabu zao wenyewe, kiasi hicho walikifikia kwanza mwaka 2022. Walichelewa miaka miwili, wala hawakuona haya, kwa sababu mdai alikuwa amelala.

Sasa fikirini. Mtu ameibiwa ng'ombe. Sungusungu wanakuja, wanamkamata mwizi. Halafu mwenye ng'ombe anasimama barazani na kusema, "Mimi sikuibiwa, habari za wizi ni hila tu." Mwizi atalipa? Atachukua kofia yake aende zake, akicheka. Anayekana wizi hadai fidia.

Na jambo hili si la mbali. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wa Umoja wa Mataifa ulikubali kutoa Euro zaidi ya milioni 100 kwa mradi wa maji wa Mkoa wetu wa Simiyu; Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo na Serikali yetu nazo zikaongeza sehemu zao. Shabaha ni kuyaleta maji ya Ziwa Victoria kwa bomba hadi katika wilaya zetu. Busega, Bariadi na Itilima ziliwekwa katika awamu ya kwanza. Maswa na Meatu zinafuata.

Akina mama mliokaa pale, ninyi mnaojua kuchimba mchanga wa mto mkavu alfajiri na kungoja maji yachuruzike ndoo ijae, tunawauliza: fedha zile zilitolewa kwa hoja gani? Zilitolewa kwa hoja kwamba Simiyu inakabiliwa na ukame unaozidi kwa sababu ya joto la dunia. Si sadaka. Ni sehemu ndogo ya deni. Sasa mwanachama atasimamaje asubuhi kuuliza, "Maji yatafika Mwanhuzi lini?" ikiwa jioni ile ile alikuwa mnadani akisema hakuna joto la dunia? Atakuwa ameukata mti aliouegemea.

MASWALI MANNE

Kwa hiyo hatuwaambii mwamini kila neno la redio. Tunawaambia mwulize vizuri. Kila ikija habari ya tabianchi, kutoka gazetini au katika simu, mwananchi aulize mambo manne.

La kwanza: nani amesema, aliyepima au aliyesikia? Thompson alipima, mwenye gazeti alisikia.

La pili: "kama" iko wapi? Wataalamu husema kama, yamkini, kati ya hapa na pale. Habari isiyo na "kama" hata moja, jueni imenyolewa njiani.

La tatu: nani atapata faida nikiamini, na nani atapata faida nikikataa? Anayetaka uweke kidole katika mkataba wa biashara ya kaboni katika malisho ya kijiji anapata faida ukiogopa upesi. Serikali ilitoa kanuni za biashara hiyo mwaka 2022, basi kijiji kisitie saini jambo lisilosomwa mkutanoni. Na kampuni ya mafuta inapata faida ukicheka.

La nne: wakikosea, wanakiri? Jopo lile la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2007 kwamba barafu ya milima ya Himalaya yaweza kutoweka ifikapo 2035. Lilikuwa kosa, na mwaka 2010 walikiri mbele ya dunia. Mtu anayekiri kosa lake ana haki ya kusikilizwa tena. Ni magazeti mangapi yaliyorudi kutuambia kwamba "kama" ya Kilimanjaro ilianguka njiani?

KAZI ILIYO MBELE YETU

Maneno bila kazi ni moshi. Tunapendekeza mambo matatu kwa matawi yote ya Meatu.

Mosi, tupime wenyewe. Kila shule iwe na chombo cha kupimia mvua, na daftari lisilopotea. Wanafunzi waandike kila asubuhi. Baada ya miaka kumi hakuna mtu wa Ulaya wala mpinzani wa mnadani atakayetuambia mvua ya Meatu imefanya nini. Tutakuwa na hesabu yetu, kwa mwandiko wa watoto wetu. Na tunaposikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, tuufahamu kuwa ni utabiri: unasaidia kuamua ekari ngapi ziwe za pamba na ngapi za mtama na uwele, lakini hauapi.

Pili, turudishe ngitili. Hii haihitaji kuamini gazeti lolote. Hata kama joto la dunia lingekuwa ndoto, ng'ombe wa Septemba bado angehitaji majani.

Tatu, kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao awe mama, waende Halmashauri kwa heshima na kwa daftari, waulize juu ya mradi wa maji: umefika wapi, bomba litapita wapi, kijiji chetu kimo au hakimo. Wakirudi, wasomee mkutano majibu yale kama yalivyo, bila kuongeza ahadi. Mwanachama asiahidi maji ambayo hayajafika. Uongo wa kwetu ni mbaya kuliko uongo wa kwao.

Ndugu Mwenyekiti, tunamaliza. Usiku wa Uhuru wetu, mwaka 1961, kijana wa jeshi letu, Alexander Nyirenda, alisimama juu ya Kibo akapandisha bendera na kuwasha Mwenge. Chini ya miguu yake kulikuwa na theluji ile ambayo bwana wa London alisema haipo. Theluji hiyo huenda watoto wetu wasiione. Lakini bendera ipo, na waliosimama chini yake wana haki ya kusema na dunia bila kupiga magoti, wala kurudia maneno ya matajiri.

Kesho alfajiri tunarudi katika tawi lile. Tutakwenda kwanza nyumbani kwa yule mzee, tutamwamkia, tutamwomba radhi, na tutamwambia: "Baba, mlima hakusema uongo, na mjukuu wako hakusema uongo. Tuliosema vibaya ni sisi." Kisha tutatoa tena ile karatasi nyeupe. Tunaomba wenye nafasi tufuatane.

Uhuru na Kazi!